UCHOMELEAJI WA VYUMA SHAMBANI: Mambo Yanayompasa Katibu Kuyajua Kabla ya Kumwita Fundi



Mvua za kwanza katika uwanda wa juu wa Ufipa huanza mwezi wa Novemba, na tangu hapo mkulima ana majuma machache tu ya kutifua ardhi na kupanda mahindi yake. Mkono wa kuinulia plau ukikatika katika majuma hayo, hasara ya chama haiwi kipande cha chuma, bali ekari. Tuseme trekta la chama hulima ekari 8 kwa siku. Likisimama siku 5 kwa kungoja kipuri, ekari 40 zimebaki bila kulimwa, na wenye ekari hizo ni wanachama waliokwisha kulipa fedha zao mapema kwa nia njema. Hao ndio watakaosimama katika mkutano kuuliza, na watakuwa na haki ya kuuliza.

Chukua mfano wa chama cha msingi kilichoko Kate, Wilaya ya Nkasi. Trekta limekatika shambani, mbali na barabara kuu. Katibu ana njia tatu. Ya kwanza ni kulikokota trekta zima hadi karakana ya mjini Sumbawanga, jambo ambalo ni ghali na ambalo mara nyingi huvunja kitu kingine njiani. Ya pili ni kukifungua kipande kilichokatika na kukipeleka mjini peke yake. Ya tatu ni kumwita fundi mchomeleaji aje na mashine yake hadi lilipo trekta. Makala hii yahusu zaidi njia ya tatu, lakini tangu mwanzo yafaa ieleweke kwamba njia ya pili ndiyo bora kila inapowezekana. Kipande kilichowekwa mezani karakanini, kikaoshwa, kikapimwa na kugeuzwa upande anaoutaka fundi, huchomelewa vizuri kuliko kile ambacho fundi hukifikia kwa kulala chali matopeni. Fundi aitwe shambani kwa ajili ya vitu visivyofunguka au visivyobebeka: chasisi ya tela, fremu ya plau kubwa, ndoo ya tingatinga, bleti ya greda linalotengeneza barabara ya kijiji, au tangi la maji lililokwisha kujengewa.

Zamani kazi hii ilikuwa ngumu kuifikiria vijijini. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashine ya kuchomelea ilikuwa sanduku zito la shaba na chuma lililohitaji watu kadhaa kulinyanyua, na mahali pasipo na umeme ilibidi iwepo mashine ya dizeli iliyofungwa juu ya tela lake yenyewe. Au sivyo fundi alitumia gesi ya asetilini na oksijeni, na mitungi yake ni mizito na ni ya hatari kuisafirisha kwenye barabara zetu. Siku hizi kuna mashine ndogo za kielektroniki, nyingi zikiwa hazizidi kilo 10, ambazo fundi huzifunga nyuma ya pikipiki. Jambo hili limebadili mengi. Pia limewaleta watu wengi wanaojiita mafundi kwa sababu tu wameweza kununua mashine.

Kazi yenyewe ni nini

Uchomeleaji wa umeme si gundi, wala si kupaka chuma juu ya chuma. Umeme mwingi hupitishwa katika kijiti chembamba, ambacho mafundi hukiita rodi, na kati ya ncha ya kijiti na kipande kinachotengenezwa hutokea tao la moto ambalo joto lake hupita nyuzi 5,000 za Sentigredi. Chuma cha kawaida huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Hivyo kingo za vipande viwili huyeyuka pamoja na kijiti, vikachanganyika, vikapoa vikiwa kitu kimoja. Unga uliokizunguka kijiti huungua na kutoa moshi unaoikinga hewa isiingie katika chuma kilichoyeyuka, kisha huacha gamba juu ya mshono. Kijiti chenye ganda la namna hii kilibuniwa na Oscar Kjellberg wa Sweden katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Kabla yake mishono ilikuwa na matundu na ilivunjika upesi.

Kwa watu wa Ufipa elimu ya chuma si ngeni. Wazee wetu waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri ndefu za udongo, malungu, zilizopita urefu wa mtu na zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuri ndogo iliyoitwa kintengwe, yenye mivukuto, ndipo kikaenda kwa mfua chuma. Kazi hiyo iliendelea hadi ndani ya karne ya 20, na mabaki ya tanuri hizo yangali yakionekana katika sehemu za Nkasi. Majembe yaliyojenga matuta yetu ya mboji, intumba, yalitoka humo. Mfua chuma wa zamani alijua kwamba vipande viwili vikiwa na taka kati yake havishikani hata vikigongwa kutwa. Kanuni hiyo haijabadilika. Fundi anayeanza kuchomelea juu ya kutu, rangi, grisi na udongo hajui kazi yake, na katibu hahitaji cheti cha ufundi ili kulitambua hilo. Amtazame tu kama anaanza na brashi ya waya na grenda, au kama anaanza na kijiti.

Jenereta, na mwinuko wa nchi yetu

Malalamiko mengi kwamba fundi amekuja na kazi imeshindikana hutokana na jenereta. Hesabu yake si ngumu, na katibu aweza kuifanya mwenyewe kabla ya kukubaliana na fundi.

Kijiti chenye unene wa milimita 3.2, kinachotumika sana kwa vyuma vya trekta na tela, huhitaji umeme wa ampea 130 hivi. Tao hilo lina volti 25 hivi. Ukizidisha, 130 mara 25, unapata wati 3,250. Lakini mashine yenyewe hupoteza sehemu ya nguvu, na tena mashine hizi ndogo huuvuta umeme kwa namna isiyo laini, hivyo kinachotakiwa kutoka katika jenereta hukaribia kVA 5.5. Jenereta ndogo ya dukani ya kVA 2.5, ile inayowasha taa na jokofu la soda, haiwezi kazi hiyo. Itaweza kijiti chembamba, tao litakuwa hafifu, na mshono utakaa juu ya chuma bila kuingia ndani. Kwa macho utaonekana umeshika. Siku ya pili plau ikigonga kisiki, utabanduka kama ganda la kidonda.

Liko jambo jingine ambalo vitabu vya mashine hulitaja kwa maandishi madogo. Injini hupungukiwa na nguvu kadiri nchi inavyoinuka, kwa kuwa hewa huwa nyepesi. Kwa injini za kawaida hesabu inayokubalika ni kupoteza asilimia 3 hivi kwa kila meta 300 za mwinuko. Sumbawanga iko karibu na meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hiyo ni asilimia 18. Jenereta iliyoandikwa kVA 7, ambayo Dar es Salaam ingetosha bila wasiwasi, juu ya uwanda wetu hutoa chini kidogo ya kVA 6, nayo inakuwa imefika mwisho wa uwezo wake. Kwa hiyo chama kinapouliza, kiulize jenereta ya kVA 8 au zaidi. Fundi atakayeshangaa swali hilo aelezwe kwa upole.

Nyaya nazo zitazamwe. Fundi asiyetaka kusogeza jenereta huunganisha nyaya nyembamba za nyumbani hadi zifike, na nguvu ikaishia njiani ikizipasha nyaya moto. Jenereta isogezwe karibu na kazi, mbali kidogo na nyasi.

Si kila chuma ni chuma

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na inafaa tukae kidogo.

Chuma laini, chenye kaboni isiyozidi robo ya asilimia moja hivi, huchomeleka bila taabu. Fremu nyingi za matela, maboksi ya kumiminia mahindi katika mashine za kusaga, milango na matangi ni vya namna hii. Chuma cha kusubu, ambacho mafundi hukiita kasti, kina kaboni kati ya asilimia 2 na 4. Nacho kikipata joto la ghafla na kupoa ghafla hupasuka pembeni mwa mshono, mara nyingine kwa mlio unaosikika. Nyumba za gia, magamba ya mashine nyingi za kusaga, na magurudumu ya mikanda ni vya kasti. Kati ya hivyo viwili kipo chuma kigumu cha kulimia: ulimi wa plau ya maksai, sahani za plau ya trekta, springi. Hivi vilipewa ugumu kiwandani kwa kupashwa na kupozwa kwa utaratibu maalumu, na moto wa fundi huuondoa ugumu huo mahali pamoja na kuleta wepesi wa kuvunjika mahali pa jirani.

Namna ya kuvitambua ni kuzitazama cheche chuma kinapoguswa na grenda. Chuma laini hutoa cheche ndefu, za manjano iliyopauka, zisizo na matawi mengi. Chuma kigumu hutoa cheche zinazopasukapasuka kama kichaka. Kasti hutoa cheche fupi, nyekundu, zinazofifia upesi. Fundi mzuri hufanya jaribio hili kila mara, hata kwa chuma anachodhani anakijua.

Sahani ya plau iliyopasuka isichomelewe, inunuliwe nyingine. Gurudumu la mkanda la kasti lililopasuka lisichomelewe kabisa, kwa maana huzunguka kwa kasi kubwa na likipasuka tena huruka vipande kati ya watu waliopanga foleni na debe zao. Gamba la kasti lisilobeba mzigo mkubwa laweza kutengenezwa kwa vijiti vya nikeli, ambavyo ni ghali. Lakini fundi achomelee vipande vifupi vya sentimeta 2 au 3, agongegonge kwa nyundo ndogo kila kipande kikiwa bado cha moto, angoje hadi mkono uweze kuvumilia kukigusa ndipo aendelee, kisha kazi yote aifunike majivu makavu ipoe polepole. Kazi hiyo huchukua saa nyingi. Fundi akiimaliza kwa nusu saa, mshono umeshaharibika.

Ulimi wa plau ya maksai uliolika waweza kuvikwa chuma kigumu kwa vijiti vya kazi hiyo, na ukadumu zaidi katika ardhi yetu yenye changarawe. Uvikwe ungali mzima. Watu wengi huleta ulimi uliokwisha kuliwa hadi kwenye parafujo, wakati ambapo kilichobaki hakitoshi kushikilia kitu.

Nyundo za kinu cha kusagia zikijazwa chuma, zote zipimwe kwa mizani ili zilingane. Nyundo moja ikizidi uzito, kinu hutetemeka, beringi huliwa, na baada ya mwezi mwenye mashine humlaumu fundi wa beringi.

Vitu ambavyo havichomelewi

Fimbo za usukani, mikono ya usukani, sehemu za breki, ndoano na minyororo ya kuinulia, boliti za ugumu wa 8.8 na kuendelea: hivi vyote, vikivunjika, huondolewa na kuwekwa vingine. Hakuna fundi awezaye kuhakikisha kwa macho kwamba mshono wa fimbo ya usukani utashika tela lenye tani 3 za mahindi likiteremka mtelemko kuelekea ziwani. Katibu akiambiwa na dereva, "Tuchomelee kwa leo tu, kesho tutanunua," ajibu hapana. Kesho hiyo haiji. Chombo kikishatembea husahauliwa, na ndani ya tela hupandwa na watu, ingawa kila mmoja wetu anajua kwamba si halali.

Ufa na namna ya kuusimamisha

Ufa mdogo katika fremu huendelea. Kila mtikisiko huuvuta kidogo, kwa sababu nguvu yote hujikusanya katika ncha yake. Ulimwengu ulijifunza jambo hili kwa gharama kubwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani ilipojenga meli za mizigo zipatazo 2,700 za aina ya Liberty kwa kuchomelea badala ya kupigilia ribiti. Meli zilizopigiliwa ribiti, bamba likipasuka, ufa ulisimama ukingoni mwa bamba. Katika meli zilizochomelewa bamba zote zilikuwa kitu kimoja, na ufa haukuwa na mahali pa kusimama. Tarehe 16 Januari 1943, meli ya mafuta Schenectady, ambayo nayo ilikuwa ya kuchomelewa, ilikatika karibu nusu mbili ikiwa imetulia majini huko Portland, Oregon, bila dhoruba wala adui. Wachunguzi wa meli za wakati ule walikuta kwamba chuma kilichotumika hakikupenda baridi, na kwamba nyufa nyingi zilianzia katika pembe kali na mishono yenye kasoro.

Tela la chama si meli, lakini sheria ni ile ile. Kabla ya kuchomelea ufa, fundi atafute ncha yake ya kweli, ambayo mara nyingi iko mbele ya pale inapoonekana. Mafuta ya taa yakipakwa na kufutwa, kisha ikapakwa chokaa au vumbi jeupe, mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hujitokeza na kuuchora. Kisha atoboe tundu dogo kwa keekee mwishoni mwa ufa, ili nguvu isipate tena ncha kali ya kujikusanya. Baada ya hapo auchimbe ufa kwa grenda katika umbo la V hadi karibu na chini, na kuujaza kwa tabaka, akilivunja gamba na kupiga brashi kati ya tabaka na tabaka. Anayepitisha kijiti mara moja juu ya ufa usiochimbwa ameuficha tu.

Fundi akiongeza bamba la kuimarisha ubavuni mwa chasisi, bamba hilo lisiwe la mraba. Ncha zake zikatwe mshazari, kama umbo la almasi, na mshono usipite kukata juu ya ukingo wa chini wa chasisi ambako mzigo huvuta zaidi. Bamba la mraba lenye mshono uliosimama wima huhamisha ufa kutoka hapa hadi sentimeta 5 mbele. Matela mengi yamekuwa na mabamba juu ya mabamba kwa sababu hii, na kila fundi humlaumu aliyemtangulia.

Kwa sehemu zinazobeba mzigo mzito, kama ulimi wa tela unaofungwa kwenye trekta, fundi hutumia vijiti vilivyoandikwa 7018. Vijiti hivi vina nguvu lakini haviwezani na unyevu. Vikipata unyevu, haidrojeni huingia katika chuma na mshono hupasuka kwa ndani saa kadhaa au hata siku mbili baadaye, fundi akiwa amekwisha kulipwa na kuondoka. Wakati wa masika, pakiti iliyo wazi iliyolala sakafuni mwa ghala haifai. Vijiti vikae katika bati lililofungwa sawasawa na vitolewe vichache vichache. Vijiti vya 6013 huvumilia zaidi, na kwa kazi za kawaida za chuma laini vyatosha.

Kuchomelea bila kuua trekta wala mtu

Umeme wa kuchomelea lazima urudi katika mashine, na hurudi kupitia kibano ambacho mafundi hukiita ethi. Kibano hicho kifungwe kwenye kipande chenyewe kinachochomelewa, karibu na mshono, juu ya chuma kilichosafishwa. Kikifungwa upande mwingine wa trekta, umeme utapita katika beringi na gia ukitafuta njia, ukizichoma vidonda vidogo ambavyo huonekana baada ya miezi. Nyaya za betri zifunguliwe kwanza. Kwa matrekta ya siku hizi yenye vifaa vya kielektroniki, viunganishi vya vifaa hivyo navyo vifunguliwe kama kitabu cha trekta kinavyoagiza. Plau au ndoo iteremshwe chini na kuwekewa magogo. Hakuna mtu anayelala chini ya chuma kilichoshikiliwa na mafuta ya haidroli peke yake.

Rimu yenye tairi isiguswe na moto. Joto huichoma mpira kwa ndani, gesi hujaa, na tairi hulipuka kwa nguvu ya kumuua mtu aliyesimama kando. Kutoa upepo hakutoshi. Tairi livuliwe kabisa.

Pipa au tangi lililokuwa na petroli, dizeli, mafuta au dawa ya mifugo ni jambo linalotutia hofu kuliko yote. Pipa "tupu" ni la hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke uliobaki ukichanganyika na hewa ni baruti. Kuliosha kwa maji na sabuni mara moja hakuondoi mafuta yaliyojificha katika mishono na kutu, nayo yakipata joto hutoa mvuke upya. Vyama vingi hutaka mapipa yakatwe ili yawe mabirika ya maji au majiko. Shauri letu ni kwamba pipa la mafuta lisikatwe kwa moto wala kwa grenda. Likatwe kwa tindo na nyundo, likiwa limejazwa maji. Tangi la trekta linalovuja lipelekwe kwa fundi mwenye vifaa vya kulisafisha kwa mvuke, au linunuliwe jingine.

Kuna na watoto. Fundi akiwasha mashine kijijini, watoto wote huja kutazama ile nyota ya buluu. Mwanga huo huunguza macho hata kwa mtu aliyesimama hatua nyingi, na maumivu hayaji pale pale. Huja usiku, saa 6 au 12 baadaye, kana kwamba macho yamejazwa mchanga, na mzazi hajui sababu. Maziwa yanayotiwa machoni hayatibu. Mtoto apelekwe zahanati. Chama kiweke mtu mmoja wa kuwazuia, na turubai la kukinga. Fundi mwenyewe avae kofia yenye kioo cheusi cha namba 10 au 11. Miwani ya jua si kinga. Mabati yaliyopakwa zinki yachomelewe mahali penye upepo, baada ya zinki kukwanguliwa, kwani moshi wake huleta homa kali inayofanana na malaria.

Mvua ikianza, kazi isimame. Mashine ikiwa imewashwa bila tao, kijiti huweza kuwa na volti 80, na mtu aliyelowa, amelala katika tope chini ya tela, hana kinga. Na wakati wa kiangazi, Septemba na Oktoba, nyasi zifyekwe kulizunguka eneo la kazi, maji yawe karibu, na mtu abaki hapo nusu saa baada ya kijiti cha mwisho. Cheche hulala katika majani makavu kabla ya kuamka.

Mapatano na fundi

Kabla fundi hajaondoka mjini, katibu ampelekee kwa simu picha za mahali palipovunjika: moja ya karibu, moja ya mbali inayoonyesha mashine nzima, na moja penye rula au kiberiti kando ya ufa ili ukubwa ujulikane. Safari nyingi za bure zimetokana na maelezo ya dereva kwamba "ni kidogo tu". Mapatano yaandikwe: nani analipa usafiri, nani analipa petroli ya jenereta, vijiti vya aina gani na vingapi, na kazi ikipasuka katika muda fulani fundi atarudi kwa gharama ya nani. Wengine hulipa kwa siku, wengine kwa kazi. Sisi twapendelea kwa kazi, isipokuwa kwa kasti, ambayo haraka huiharibu. Vijiti vihesabiwe mwanzoni na mwishoni, na vishina vyake vikusanywe. Si kwa sababu fundi ni mwizi, bali kwa sababu mkaguzi atauliza.

Baadhi ya makatibu wameuliza kama haingefaa chama kinunue mashine yake chenyewe. Kwa chama kimoja chenye trekta moja, haifai. Mashine itakaa ghalani miezi 10, kisha itaazimwa na kila mtu. Vyama vitatu jirani, tuseme vya Kate, Chala na Namanyere, vikikubaliana kununua jenereta ya kutosha na kumsomesha kijana mmoja katika chuo cha ufundi stadi cha VETA, hilo ni shauri jingine, ila kijana huyo awe na mkataba na vyama vyote vitatu, na zana ziwe na daftari.

Fungu la matengenezo liombwe katika makisio yanayopelekwa mbele ya Mkutano Mkuu, lisiombwe siku trekta lilipokatika. Na ukaguzi wa vyombo ufanyike mwezi wa Septemba, mashine zikiwa zimeoshwa, kwa kuwa ufa hauonekani chini ya udongo. Katibu atembee na dereva, na chaki mkononi, akianzia ulimi wa tela, viungo vya plau, mikono mitatu ya kuinulia, na mahali pote ambapo mshono wa zamani upo. Kila ufa utakaoonekana upigwe mstari wa chaki mwishoni mwake na tarehe iandikwe. Baada ya majuma mawili ya kazi atazame tena. Ufa uliouvuka mstari ndio wa kumwitia fundi kwanza.